Bukini za dukani na za fundi: ipi inafaa bahari yetu?

Dera likiingia majini hadi kiunoni hunasa hewa chini yake na kupanda kama puto mpaka kifuani. Likishalowa lote, linaganda mwilini na kuchora kila kilichokuwa kimefichika nchi kavu. Mvaaji akipiga mateke, kitambaa kinajisokota magotini. Buibui hufanya hayo hayo na kuzidi, kwa kuwa ni refu zaidi. Nguo iliyo stara njiani inakuwa fedheha majini, na juu ya fedheha inakuwa hatari. Ndiyo maana tunaihakiki hapa suti ya kuogelea ya kujisitiri: burkini kwa jina la dukani, bukini midomoni mwa wengi, ingawa kwa wazee wetu Bukini ni Madagaska.

Aliyeibuni kwa sura tunayoijua leo ni Aheda Zanetti, mwanamke wa Australia mwenye asili ya Lebanon, mwaka 2004. Vipande ni vile vile hadi leo: suruali, kanzu fupi na kofia. Tofauti iko kwenye kitambaa na ukataji, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko wauzaji wanavyokubali. Mjini Unguja mtu anaweza kupata aina tatu.

Ya kwanza ni seti pana ya poliesta, ndiyo inayoonekana zaidi madukani. Sifa yake ni kukauka upesi. Poliesta hainywi maji: katika hewa ya kawaida hushika unyevu wa asilimia 0.4 tu ya uzito wake, wakati nailoni hushika kama 4 na pamba kama 8. Haigandi sana mwilini, na mwenye kupenda nguo isiyochora umbo hata chembe ataridhika nayo akiwa amesimama ufukweni. Kasoro zinaanza akiingia. Nyingi hazina kitanzi cha kuunganisha kanzu na suruali, kwa hiyo kanzu inapanda kama dera. Nyingine zimeongezwa sketi ya pili juu ya kanzu kwa ajili ya mapambo, na sketi hiyo ni mzigo mtupu. Watu husema nguo iliyolowa inazamisha kwa uzito. Ukiwa ndani ya maji uzito huo hausikiki sana. Kinachochosha ni maji kulivuta kila pindo linaloning'inia, na uzito wenyewe unakuja pale mtu anapojaribu kupanda ngalawa au ngazi ya bwawa. Sketi mbili ni mivuto miwili.

Ya pili ni nailoni iliyochanganywa na Lycra, uzi unaovutika kama mpira, mara nyingi 80 kwa 20, inayokaa karibu na mwili na kuwa na kijisketi kifupi kilichoshonewa kiunoni. Kwa kuogelea hakuna inayoishinda. Haipandi, haivuti, na mikono inakwenda inakotaka. Lakini inachora umbo, na kwa wanawake wengi wa hapa hilo peke yake linatosha kuiacha dukani. Nyingine zinakuja kwa vipimo vya Asia vilivyo vidogo, kwa hiyo puuza herufi za kwenye lebo, chukua futikamba upime nguo yenyewe kifuani na makalioni. Klorini ya mabwawa ya hoteli hula Lycra: baada ya muda kitambaa kinalegea magotini na makalioni na hakirudi. Mwenye kuogelea bwawani zaidi kuliko baharini atafute iliyoandikwa poliesta na PBT (aina ya poliesta inayovutika), inayostahimili klorini vizuri zaidi.

Ya tatu ni ya kushonesha, na kwa maoni yetu ndiyo bora kwa Unguja na Pemba, kwa sharti moja: fundi aelezwe kila kitu kwa vipimo. Akiambiwa tu "nishonee bukini" atashona juba fupi.

Kitambaa kwanza. Katika maduka ya vitambaa ya Darajani na Mlandege ulizia kitambaa cha jezi kilichofumwa bila matundu, upana sentimita 150. Mtu mzima wa kimo cha kawaida anahitaji kama mita 2.75 kwa vipande vyote vitatu. Uzito unaofaa ni gramu 180 hadi 220 kwa mita ya mraba. Muuzaji huenda hajui namba hiyo, lakini kipande cha sentimita 50 kwa 50 kikiwekwa kwenye mizani ya jikoni kinatakiwa kisome kati ya gramu 45 na 55. Chepesi zaidi ya hapo kitaonyesha mwili kikilowa, na kizito zaidi kitachelewa kukauka. Shika sentimita 10 za kitambaa uzivute: zifike 14 au 15, kisha zirudi 10 kamili. Zikibaki 11, achana nacho. Kikunje juu ya ngumi, ukimwagie maji, umulike kwa taa ya simu kutoka ndani; ukiiona rangi ya ngozi, hakifai. Nyeusi, buluu ya kukolea na kijani cha kukolea ndizo salama. Nyeupe, pinki na krimu zinasaliti zikilowa, hata zikiwa nzito. Mwisho futa kwa leso nyeupe yenye maji, maana nyeusi ya bei rahisi inatoa rangi.

Sasa mshono. Kanzu iishie sentimita 5 juu ya goti. Ikishuka chini ya goti, mateke ya chura hayapigiki. Kifuani ongeza sentimita 8 juu ya kipimo cha mwili. Kuanzia kiunoni fundi atie taharizi, vile vipande vya pembeni vya kuongeza upana kama vya kanzu ya kiume, ili pindo lizidi makalio kwa sentimita 20, na aache mpasuo wa sentimita 12 kila upande. Upana huo unafanya nguo isichore, na mpasuo unatoa maji na hewa. Makwapani atie kikwapa, yaani kipande cha mraba cha sentimita 10 kwa 10. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea kwa kudhani kwamba kitambaa kinachovutika hakihitaji kikwapa. Bila hicho, mikono ikinyooshwa juu kanzu yote inapanda na tumbo linabaki wazi.

Ndani ya kanzu, usawa wa kiuno, vishonwe vitanzi viwili pembeni, na kwenye mkanda wa suruali vishikizo viwili vya plastiki. Kila kitanzi kiachiwe ulegevu wa sentimita 4, vinginevyo mikono ikiinuka itavuta suruali. Kiunoni mwa suruali lastiki peke yake haitoshi, maana maji huilegeza. Apitishe na utepe wa kufunga. Vifundoni lastiki nyembamba. Mikononi kijitundu cha kidole gumba huzuia mkono wa nguo kukunjamana hadi kwenye kiwiko.

Uzi uwe wa poliesta. Wa pamba huoza ukilowa mara kwa mara. Mshono uwe wa ovaloki au zigizaga. Nguo ikikamilika ivute mishono palepale mbele ya fundi: ukisikia inakatika ta-ta-ta, ameshona kwa mshono mnyoofu, na itafumuka siku ya kwanza. Zipu ya chuma hushika kutu. Ya plastiki ni sawa, ingawa kanzu ya kuvaliwa kichwani isiyo na zipu kabisa ni bora zaidi.

Kofia inastahili maneno zaidi kwa kuwa ndiyo inayowakatisha tamaa wengi. Kofia pana hujaa maji, hurudi nyuma na kumkaba mvaaji kooni kila anaposonga mbele. Pima mzunguko wa uso kupitia chini ya kidevu, punguza sentimita 3, kisha hakikisha vidole viwili vinapita kidevuni bila kubana. Sehemu ya nyuma ishuke sentimita 15 ndani ya kola ya kanzu ili shingo isionekane anapoinama. Kisogoni yawekwe matundu matatu madogo ya kutolea maji. Pini za mtandio zibaki nyumbani. Na anayejifunza kuogelea ajue kuwa kofia hupunguza kusikia, kwa hiyo mwalimu na wanafunzi wakubaliane ishara za mikono kabla hawajaingia.

Nikabu haina nafasi majini. Kitambaa kilicholowa kikikaa puani na mdomoni kinaziba pumzi, na hakuna ushonaji wa kulitatua hilo. Anayefunika uso achague saa na mahali pasipo na wanaume, aweke mtu wa kuangalia njia, aogelee uso ukiwa wazi.

Swali linaloulizwa kila nguo hii inapotajwa ni kama inatosheleza sheria ya dini au la. Suratun Nur aya ya 31 inataja mashungi yashushwe vifuani, na Suratul Ahzab aya ya 59 inataja nguo za juu. Mipaka wanavyuoni wameijadili kwa karne nyingi, na si kazi ya hakiki ya nguo kuwaamulia. Msimamo wetu uko mahali pengine. Mwanamke anayetaka kofia aipate nzuri, asiyeitaka asilazimishwe, anayetaka kanzu ifike magotini aelezwe itamgharimu nini majini na aamue mwenyewe. Baadhi ya mameya wa Ufaransa waliipiga marufuku bukini fukweni mwaka 2016, mpaka mahakama yao ya juu ya utawala ilipolisimamisha katazo la Villeneuve-Loubet tarehe 26 Agosti mwaka huo. Kumvua mtu nguo aliyoichagua na kumvisha asiyoichagua ni dhulma ya aina moja. Na huku kwetu kuna namna ya tatu, iliyo kimya zaidi: kumwambia msichana kwamba bahari si yake. Forodhani vijana wa kiume wanaruka ukutani kila jioni maji yakijaa, na hakuna anayewauliza wamevaa nini.

Kisiwani neno hilo lina uzito. MV Spice Islander ilizama usiku wa Septemba 2011 karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na familia nyingi bado zina majina ya kuyaombea. Kuogelea peke yake kusingewaokoa wote, lakini kuelea chali ni ujuzi ambao mtu hatakiwi kuukosa kwa sababu ya nguo. Mradi wa Panje wa Nungwi ulipofundisha wasichana kuogelea na kuokoa, waliingia majini kwa suti za mwili mzima, na ndivyo mafunzo yalivyoweza kwenda sambamba na dini na mila za nyumbani kwao.

Wakulima wa mwani nao wanaihitaji. Kilimo hicho kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake wanaoingia na madera na kanga. Maji ya pwani yanapopata joto, mwani wa kotonii, mojawapo ya aina zinazolimwa, hufa kwenye kina kifupi, na dawa mojawapo ni kuupeleka kwenye kina kirefu, ambako dera halifai kitu. Kwao tunapendekeza ya fundi, yenye kitambaa maradufu makalioni na magotini kwa sababu ya kukaa mchangani, na viatu vya mpira. Kofia inawafaa hata wasiojali mambo ya stara: jua la saa sita mchana juu ya maji ni kali, na kitambaa cha UPF 50 (kipimo cha kukinga jua) hupitisha asilimia 2 tu ya mionzi yake mikali.

Kabla ya kwenda hotelini uliza kwanza. Baadhi ya mabwawa hukataa pamba kwa kuwa nyuzi zake huziba chujio, na kisha mhudumu asiyejua huikataa na bukini. Mwonyeshe lebo, au kipande cha kitambaa kama ni ya fundi.

Namna ya kuingia ni hivi. Funga vitanzi na utepe, tembea hadi maji yafike kifuani, chuchumaa mpaka shingoni, kisha kamua hewa kwa viganja kutoka kwenye pindo kwenda shingoni mpaka mapovu yaishe. Wengi wanaolalamika kwamba nguo inapanda wameiruka hatua hii. Kwa anayejifunza, chagua siku za maji mafu, yanapopwa na kujaa kidogo. Wakati wa bamvua tofauti ya kupwa na kujaa hufika mita 4, na mkondo unakwenda kasi mno kwa mgeni wa maji.

Ukitoka, suuza kwa maji ya kisima au ya bomba siku hiyo hiyo, kwa sabuni kidogo na bila dawa ya kung'arisha. Usiikamue kwa kusokota, ianike kivulini ikiwa imegeuzwa nje ndani, na pasi isiiguse. Kila baada ya mwezi inyanyue juani uangalie makalioni: mwanga ukianza kupenya, kata suruali utoe viraka vya magoti vya suti ya mtoto, na kanzu iliyobaki iende kwenye mwani.