Wasichana wamezeeka njiani: nakala ya Schwälmer Tanz niliyoagiza mtandaoni

Nyota mbili, na ya pili ni ya kasha. Niliagiza kwenye duka moja la mtandaoni hapa Ujerumani nakala kubwa ya Schwälmer Tanz, picha ya ngoma ya vijana wa vijijini huko Schwalm, Hesse, aliyoichora Carl Bantzer mwaka 1898. Kasha likafika salama, hata kona haikubonyea. Nafungua: nyekundu hakuna!

Utasema rangi tu hiyo, kelele za nini. Sasa sikia. Kule Schwalm nguo za mwanamke zilitaja umri wake. Msichana ambaye hajaolewa alivaa nyekundu, mpaka kile kikofia kidogo kinachokaa utosini juu ya fundo la nywele. Aliyeolewa karibuni, kijani. Akifika makamo, zambarau. Bibi kizee na mjane, nyeusi. Bantzer alizaliwa Ziegenhain, hukohuko Schwalm, kwa hiyo hakuwa akibahatisha. Hawa wachapaji wangu nyekundu wameifanya zambarau! Mama mkwe, ambaye bibi yake alivaa nguo hizo, akaitazama akauliza, "Hawa wamama wanatafuta nini kwa vijana wa watu?"

Nikapiga simu. Dada wa huduma kwa wateja akanishauri, kwa sauti ya kunihurumia, niweke taa ya njano. Taa! Nikaanza kumweleza habari za umri, akanikata: "Ni wakulima wanacheza, shida iko wapi?" Na kule nyuma ya nakala wamebandika karatasi: "Ngoma ya wakulima, Bavaria." Schwalm na Bavaria wapi na wapi! Kwao mkulima yeyote aliyevaa vizuri ni wa Bavaria.

Haya, tusidhulumiane: michoro imetoka safi. Soksi nyeupe, sketi zilizovaliwa moja juu ya nyingine zimetanuka kwa kuzunguka, watu wamebanana hadi hujui mkono huu ni wa nani. Wageni wakiingia huganda pale. Naipenda, basi, ndiyo maana sikuirudisha.

Au tuseme ukweli: sikuirudisha kwa sababu walitaka nilipe usafiri mimi. Kosa lao, nauli yangu! Nyota moja, nimebadili.

Ukitaka picha ya kujaza ukuta, nunua. Ukiwa na mkwe wa Schwalm, mpeleke makumbusho ya chuo kikuu cha Marburg akaitazame yenyewe.