Spika ya kati: alumini, kuba la kitambaa na karatasi, uzoefu wangu

Nilipoanza kuunda spika za njia tatu (boksi lenye spika ya besi, ya kati na ya sauti za juu), akili yangu yote ilikuwa kwenye besi. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba mtu akiongea au akiimba, maneno yake yanabebwa na spika ya kati, kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 hivi hadi 3,000 na kitu, na sikio huwa kali zaidi kuanzia hezi 2,000 hadi 5,000. Kasoro ya hapo haifichiki.

Nilianza na koni (ile sehemu ya spika inayotetemeka, yenye umbo la faneli) ya alumini ya inchi 4. Wiki ya kwanza niliipenda mno, kila uzi wa gitaa nausikia. Wiki ya pili masikio yakaanza kuchoka. Nikapima kwa maikrofoni, nikakuta kilele kirefu karibu na hezi 8,000. Koni ngumu husogea kama kipande kimoja, lakini ikifika masafa yake ya mlio, inalia kama kengele. Kuizuia isipelekewe sauti za juu kiasi hicho hakumalizi tatizo: noti ya hezi 2,700 ikizaa upotovu wa mara tatu (sauti ya ziada yenye masafa mara tatu ya noti yenyewe), upotovu huo unaangukia palepale kwenye mlio. Krosova yangu ya kwanza (saketi inayogawa sauti kati ya spika) ilikuwa na mteremko mpole wa desibeli 6 kwa oktavu, yaani sauti hupungua desibeli 6 kila masafa yanapozidi maradufu kupita mpaka wa spika. Nilipoweka wa 24 na saketi ya kuzima kile kilele, ikatulia sana, ingawa ule ukali kidogo bado naukuta kwenye sauti za wanawake.

Kisha nikajaribu kuba la kitambaa la milimita 75, yaani kitambaa kilichobinuka badala ya koni; linasambaza sauti vizuri ajabu. Aliyekaa pembeni anasikia karibu sawa na aliyekaa mbele. Ila kuba husogea kidogo tu. Nililianzisha hezi 400, likakwaruza. Nikapandisha hadi 650, na hapo mwimbaji wa kiume akagawanyika: kifua chake kinatoka kwenye besi, maneno yanatoka juu.

Nimebaki na koni ya karatasi, inchi 4 vilevile, kuanzia hezi 300 hadi 3,000. Ni nyepesi, na nyuzi zake zinameza mtetemo wake wenyewe, kwa hiyo hata ikifika mwisho wa uwezo inachoka taratibu bila kupiga kelele. Kwa undani wa nyuzi za gitaa alumini inaishinda, nakiri. Karatasi pia hunywa unyevu, hivyo chagua iliyopakwa dawa. Lakini msimulizi akisoma hadithi kwa sauti ya chini, namsikia yuko chumbani.