Kituo cha Mkono kwa Mkono Mwanza: mapokezi safi, fomu bado ina mawazo ya zamani

Kituo hiki, ndani ya hospitali moja ya serikali jijini, kinastahili sifa kwa jambo moja kubwa: daktari, askari wa dawati la jinsia na afisa ustawi wa jamii wako mlango mmoja. Aliyebakwa hasimulii upya kila dirisha, na PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika alichokiona, inajazwa palepale. Dawa nazo hazingoji fomu. Kinga ya VVU inafaa ikianza ndani ya saa 72, kisha humezwa siku 28. Ya kuzuia mimba mwisho wake siku tano, na kila saa inayopita huipunguzia nguvu. Walioko Ukerewe wasingoje meli ya kesho, waanzie hospitali ya kisiwani.

Nguo ndipo panapoharibika. Kanga mbichi ikifungwa kwenye nailoni, kwa joto hili la ziwani, huvunda usiku mmoja na vinasaba (DNA) vya ushahidi vinapotea. Ianikwe kivulini bila kufuliwa, kisha iwekwe kwenye bahasha ya kaki, kila nguo na yake.

Kasoro inayotuuma iko kwenye sehemu ya daktari ya PF3, anapoandika tu: “hana michubuko”, basi. Hayo ni mawazo ya kabla ya 1998, mwanamke alipotakiwa kuonyesha alivyopambana. Sheria Na. 4 ya mwaka huo, SOSPA, yaani sheria ya makosa ya kujamiiana, ilibadilisha kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu: kuingiliwa hata kidogo kunatosha, na majeraha si sharti. Mahakama ya Rufani nayo, katika shauri la Selemani Makumba, ikasema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa. Maneno mawili makavu humpa wakili wa utetezi pa kushika. Daktari aandike saa zilizopita tangu tukio, kama alioga, na alichokiona hasa.

Sheria hiyohiyo, inasikitisha, ilimwacha nje ya kosa la ubakaji mke asiyetengana na mumewe, hata binti wa miaka 15 aliyeolewa. Akifika mapokezi asirudishwe. Matibabu ni haki yake, na kipigo ni kosa.

Kwa mtoto, njooni na kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa siku hiyohiyo. Shtaka likisimama juu ya umri, na umri usithibitishwe, kesi huanguka hata PF3 ikiwa imejazwa vizuri.