Kisu Kidogo cha Kuwindia kwa Kazi ya Mbuzi: Uzoefu Wangu

Kisu ninachokieleza hapa huitwa cha kuwindia kwa sababu, katika nchi zinazoruhusu uwindaji, ndicho mwindaji anachochomoa kiunoni baada ya bunduki kumaliza kazi yake, akapasulia tumbo, akachunia ngozi na kutenganishia viungo. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mimi sijawahi kumkaribia kwa kisu mnyama yeyote isipokuwa mbuzi niliyemlipia mwenyewe. Hata hivyo, kumchuna mbuzi aliyeangikwa kwenye mti hakuna tofauti kubwa na kumchuna swala, na chombo kinachofaa kwa kazi hiyo ni kilekile. Mimi huishi Nairobi, na mara nne au tano kwa mwaka ukoo wetu hukutana nyumbani kwa mjomba huko Kiserian, ambako mbuzi hununuliwa sokoni asubuhi, na kufikia saa nane mchana huwa ameshawekwa jikoni. Kazi ya kuchuna ni yangu. Kwa miaka mingi niliifanya kwa kisu cha jikoni, mpaka siku moja mpini uliojaa mafuta ulipoteleza na kiganja changu kikashonwa nyuzi tano. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kisu cha kazi.

Nilijua mapema kwamba sitaki kisu cha kukunja. Damu na mafuta hujipenyeza ndani ya bawaba, na kuvisafisha vikishakauka ni adhabu. Isitoshe, kifungio kikilegea, makali hurudi juu ya vidole. Kisu kisichokunjwa ni chuma kimoja kuanzia ncha hadi ndani ya mpini, na sehemu ile inayoingia mpinini, ambayo wahenga waliiita msuka, ndiyo inayoamua kama kisu kitadumu. Bahati mbaya, msuka hauonekani dukani.

Kisu cha kwanza kilinifundisha jambo hilo kwa shilingi 1,800. Nilikinunua katika kibanda kimoja katikati ya mji, na nakiri kwamba nilivutiwa na sura yake: bapa la sentimita 18, meno ya msumeno mgongoni, mpini wenye uwazi ndani uliotiwa viberiti na ndoana, na dira ndogo kwenye kifuniko. Nilikipeleka Kiamaiko, ambako mbuzi huchinjwa kila siku, nikamwonyesha mzee mmoja mchinjaji ambaye hunishauri mambo ya nyama. Alikishika, akakipindua mara mbili, akakirudisha. "Mwanangu," aliniambia, "hiki ni cha kupigia picha." Nilidhani ananitania. Katika mbuzi wa kwanza, nilipokuwa nikizungusha ncha ndani ya kiungo cha nyonga, bapa lilichezacheza, kisha likang'oka. Msuka wake ulikuwa skrubu fupi kuliko kidole changu cha mwisho, iliyofungwa kwa nati ndani ya ule uwazi wenye viberiti. Dira, kwa haki yake, bado inaonyesha kaskazini.

Niliporudi kwa mzee nikiwa na unyonge wa kutosha, alinionyesha kisu chake cha kuchunia. Kilikuwa kifupi kiasi cha kunishangaza. Makali yake hayakuzidi upana wa kiganja. Alinieleza kwamba katika kuchuna, kisu hufanya kazi ndogo kuliko mkono. Ukishapasua ngozi kwa ndani ya miguu ya nyuma na katikati ya tumbo, unaivuta kwa mkono mmoja na kuisukuma kwa ngumi ya mkono wa pili kati ya ngozi na nyama, na kisu kinaitwa tu pale ngozi inapogoma, hasa shingoni na kwenye mkia. Anayetumia kisu mahali pa ngumi huitoboa ngozi na kuacha nyama juu yake. Kwa hiyo kinachohitajika ni bapa la sentimita 8 hadi 11, ambalo kidole cha shahada kinaweza kulala mgongoni mwake na kufika karibu na ncha, kwa kuwa kidole hicho ndicho kinachokwambia ncha iko wapi usipoiona.

Umbo la ncha lina uzito wake pia. Visu vingi vya kuwindia vya leo vina mgongo unaoteremka taratibu kuelekea ncha, mtindo ulioenezwa sana na mhunzi wa Marekani Bob Loveless, na faida yake huonekana unapofungua tumbo: ncha ikiwa chini ya mstari wa mgongo haijichomi ovyo kwenye utumbo au kibofu. Ncha iliyopinda juu kama jambia hupendeza, lakini ukitoboa kibofu cha mbuzi mara moja, mbele ya wakwe, hutaipenda tena. Vipo pia visu vyenye kulabu mgongoni ya kupasulia tumbo. Nimeazima kimoja na kukirudisha, kwa sababu kulabu hujaa manyoya na kuinoa kunahitaji tupa nyembamba ya duara.

Kisu cha pili nilikitafuta Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, na sehemu hii ya safari ndiyo niliyoifurahia zaidi. Ukifika pale usiseme tu "nitengenezee kisu", kwa maana utapewa kilichokatwa kutoka chuma laini cha mageti na madirisha. Chuma hicho kina kaboni kidogo, kwa kawaida chini ya asilimia 0.3, na hata ukikichoma na kukichovya namna gani, hakigumu kiasi cha kushika makali. Omba springi ya gari. Chuma cha springi huwa na kaboni ya asilimia 0.6 hivi, na hicho kinakubali kugeuzwa kisu. Fundi wangu alikata kipande cha springi kuukuu, akakichoma mpaka kikawa chekundu, akakipiga juu ya kipande cha reli, akakichonga kwa tupa, kisha akakichoma tena na kukichovya katika mafuta machafu ya injini. Hapo kisu kilikuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo, kwa hiyo alikirudisha kando ya makaa, akakitazama bila kuondoa jicho, na kilipogeuka rangi ya majani makavu akakitoa. Kumjaribu fundi ni rahisi: pitisha tupa kwenye makali, na ikiteleza badala ya kung'ata, chuma kimeiva.

Nililipa shilingi 700 pamoja na mpini wa mti uliofungwa kwa ribiti tatu, huku msuka ukionekana hadi mwisho wa mpini. Nguvu zake sina shaka nazo. Kasoro yake ni unene. Fundi aliacha chuma karibu na unene wa springi yenyewe, milimita 5 na ushei, na bapa nene namna hiyo hata likiwa na makali ya wembe hupita ndani ya nyama kama kabari, likiisukuma badala ya kuikata. Nilimrudia akakipunguza hadi milimita 3, na hapo kikawa kisu kizuri sana cha viungo. Kukiacha na damu usiku mmoja tu huzaa kutu, kwa hiyo hukikausha na kukipaka mafuta ya kupikia kila baada ya kazi.

Cha tatu ndicho ninachokitumia zaidi leo. Binamu yangu alikuwa akirudi kutoka Uswidi, nami nikamwomba aniletee Morakniv Companion, kisu ambacho huko huuzwa katika maduka ya kawaida ya vifaa na kununuliwa na maseremala, wavuvi na wawindaji bila mbwembwe. Kampuni hiyo ya mji wa Mora huhesabu historia yake kuanzia mwaka 1891. Bapa lina urefu wa milimita 104 na unene wa milimita 2.5 tu, mpini ni wa plastiki yenye ngozi laini kama mpira, na ala yake ni ya plastiki pia. Msuka haufiki mwisho wa mpini, jambo ambalo baada ya kisu cha kwanza lilinitia hofu, lakini umezungukwa na plastiki iliyomiminwa juu yake wala haukufungwa kwa skrubu, na mbuzi kumi na wawili baadaye haujatikisika. Nilichagua kile cha chuma kisichoshika kutu. Chuma huanza kuitwa hivyo kikiwa na kromiamu ya kuanzia asilimia 10.5, na neno "kisichoshika" lisikudanganye ukakiacha ndani ya ala kikiwa na chumvi na damu.

Ubora wake kwa kazi yangu unatokana na wembamba huo. Makali yake yamechongwa kwa mtelemko mmoja mpana kila upande, usio na ukingo wa pili, hivyo hata mtu asiyejua kunoa hulaza mtelemko wote juu ya kinoo na hawezi kukosea pembe. Kwa kukata karoti nene hakifai, kwa sababu mtelemko huo huipasua karoti kabla ya kuikata, lakini sikukinunulia karoti. Mpini unashikika hata mkono ukiwa na mafuta, na una kizuizi kidogo mbele cha kuzuia kidole kisiteleze hadi kwenye makali, kile ambacho kisu changu cha jikoni hakikuwa nacho.

Kuhusu kunoa nina neno kali. Wako vijana wanaopita mitaani na jiwe la mviringo lililofungwa kwenye baiskeli, na kwa panga la kukatia nyasi nawapa kazi bila wasiwasi. Kisu kidogo usiwape. Jiwe linalozunguka kwa kasi bila maji huchemsha makali membamba, na ukiona ukingo umegeuka buluu, jua kwamba pale umepita nyuzi joto 300 na ule ugumu uliolipia umekwisha. Kisu kitanoleka vizuri siku hiyo na kuwa butu kabla mbavu hazijaiva. Mimi hutumia kinoo cha kawaida chenye pande mbili, huanza na upande wa kukwaruza, humalizia upande laini kwa maji, kisha huburuta makali mara kumi juu ya mkanda wa ngozi kuukuu. Ukiwa safarini, pindua kikombe cha kauri: ule mduara wa chini usiopakwa rangi hunoa vya kutosha kumaliza mbuzi mmoja.

Mjini sikivai kiunoni. Husafiri kikiwa ndani ya ala, kimeviringwa kwenye taulo chini kabisa ya begi pamoja na kinoo, na huenda moja kwa moja hadi Kiserian, kwa kuwa kumweleza askari wa mlangoni kwamba kisu hiki ni cha ngozi ya mbuzi ni mazungumzo nisiyoyataka.

Nikikipoteza leo nitaagiza kilekile, ila nitabadilisha rangi ya mpini. Nilichagua kijani kwa sababu ya sura, na mwezi wa nne, mvua zilipokuwa zimeotesha nyasi, nilikiweka chini ili nishike mguu wa mbuzi kwa mikono miwili. Tulikitafuta watu sita kwa karibu saa nzima, mbuzi akining'inia nusu amevuliwa, na aliyekipata ni mtoto wa mjomba aliyekikanyaga, kwa bahati, upande wa mgongo. Kijacho kitakuwa cha rangi ya chungwa.