Uzoefu wangu na kozi ya uzamili ya ultrasaundi ya misuli na viungo nchini Uingereza

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Taaluma hii niliisomea Moshi, na sasa nafanya kazi katika kliniki ya mifupa na viungo ya huduma ya afya ya umma, NHS, nchini Uingereza. Hivi karibuni nilihitimu cheti cha uzamili cha ultrasaundi ya misuli na viungo, na kwa kuwa wenzangu wengi kutoka nyumbani wamekuwa wakiniuliza iwapo kozi hiyo inastahili gharama yake, nimeona niandike kwa kirefu kidogo. Kwa maoni yangu inastahili, ila kwa sharti ambalo vyuo hulitaja juujuu tu: uwe na msimamizi wa vitendo atakayekaa nawe mbele ya mashine, na uwe naye kabla hujalipa hata pauni moja.

Kozi niliyoichagua imeidhinishwa na CASE, chombo kinachokagua mafunzo ya sonografia, yaani upigaji picha kwa ultrasaundi, nchini Uingereza. Ni ya ngazi ya 7 na ina krediti 60, yaani theluthi ya shahada ya uzamili ya krediti 180, na husomwa huku mtu akiendelea na kazi. Ithibati hiyo si pambo. Jina la sonografa halilindwi na sheria huku kama yanavyolindwa majina ya mtaalamu wa fiziotherapia na mpiga picha za eksirei, ambao husajiliwa na HCPC, baraza la wataalamu wa afya. Kwa hiyo mwajiri anayetaka kujua kama unaweza kuaminiwa kuandika ripoti huangalia kwanza kozi yako imeidhinishwa na nani. Kozi fupi za mwisho wa wiki zipo nyingi na zinafaa kwa kuonja, lakini katika idara nilizofanya nazo kazi sijaona mtu akiruhusiwa kuripoti peke yake kwa cheti cha siku mbili.

Fizikia ilitangulia, nayo sitaizungumzia sana. Anayekumbuka kwamba mawimbi ya masafa ya juu huonyesha vizuri vitu vilivyo karibu na ngozi lakini hayafiki mbali, na yale ya chini hufika mbali kwa picha hafifu, amekwisha kuibeba sehemu kubwa ya mzigo.

Utamu wa masomo ulianza tulipoingia kwenye viungo vyenyewe, kimoja baada ya kingine, kwa kufuata miongozo ya ESSR, jumuiya ya Ulaya ya rediolojia ya misuli na mifupa: bega, kiwiko, kifundo cha mkono, nyonga, goti na kifundo cha mguu. Bega ndilo lililotuchukua muda mrefu zaidi, na lilistahili. Mgonjwa hukalishwa, kiganja kikielekea juu pajani, nawe unaanza na kano ya baisepsi ndani ya mfereji wake katika mfupa wa mkono wa juu. Ukishaipata, unamwomba azungushe mkono kwa nje ili kano ya subskapularisi ijitokeze, kisha aweke kiganja nyuma kana kwamba anatia kitu katika mfuko wa nyuma wa suruali. Hapo ndipo kano ya suprasipinatasi, ambayo huchanika mara nyingi kuliko nyingine zote za begani, inapotoka chini ya mfupa wa akromioni ikaonekana. Kabla ya hapo sehemu yake kubwa imejificha, na hakuna mashine, iwe ya bei gani, itakayokuonyesha kilicho nyuma ya mfupa.

Katika kano hiyohiyo tulifundishwa jambo ambalo naamini ndilo linalomtofautisha aliyesomea kazi hii na aliyejifunza kwa kuangalia wengine. Kano yenye afya huonekana nyeupe, na nyuzi zake zimepangika vizuri, pale tu mawimbi yanapoipiga wima. Probu, yaani kifaa cha mkononi kinachowekwa juu ya ngozi, ikiinama digrii chache, weupe huo hutoweka na kano nzima huonekana nyeusi, kama vile imechanika. Hali hiyo huitwa anisotropia. Mwalimu wetu alikuwa akisimama nyuma ya kila mmoja wetu akisema, “Inamisha, rudisha, sasa geuza probu uione kwa upande wa pili,” mpaka mkono ukazoea kulihoji doa jeusi kabla ya kulipa jina. Doa likibaki pale pale kwa kila mwelekeo, unaliandika. Likifutika, mgonjwa ameepushwa na habari mbaya isiyo ya kweli, na pengine na kisu cha daktari wa upasuaji.

Jambo jingine nililolithamini ni namna walivyotufundisha kuandika ripoti. Watu wengi waliovuka miaka 60 wana michaniko ya kano za begani na hawasikii maumivu yoyote, kwa hiyo kuuona mchaniko si sawa na kujua kinachomuumiza mgonjwa. Sisi wa fiziotherapia tuna faida hapa, kwa sababu tumekwisha kumsikiliza mtu na kumpima kwa mikono kabla ya kuwasha mashine. Lakini faida hiyo huweza kutupotosha tukaona kile tulichokitarajia. Ripoti zetu zilirudishwa zikiwa na alama nyekundu kila tulipoandika hitimisho lisilotokana na picha. Ukali huo naushukuru.

Sasa nirudi kwenye suala la msimamizi, ambalo ndilo linaloamua kama utamaliza au hutamaliza. Mihadhara waweza kuisikiliza usiku nyumbani. Daftari la kumbukumbu, ambalo kila uchunguzi huingizwa na kutiwa saini, halijazwi bila mtu mwenye sifa, mashine na wagonjwa. Chuo changu kilipokea barua ya msimamizi kama fomu nyingine yoyote. Hakikumpigia simu wala hakikuuliza ana saa ngapi kwa wiki. Msimamizi wangu wa kwanza alipohamia hospitali nyingine, kazi yangu ya vitendo ilisimama, na nilipoomba msaada nilijibiwa kwamba hilo ni jukumu la mwanafunzi na mwajiri wake. Ada iliendelea kudaiwa kama kawaida. Mwenzetu mmoja, mwanafunzi hodari kabisa, aliacha kozi kwa sababu hiyo tu, na mpaka leo naona hakutendewa haki. Chuo kinachopokea maelfu ya pauni kinapaswa kuwa na orodha ya vituo vya akiba.

Nilipompata msimamizi wa pili, daktari bingwa wa rediolojia, ndipo nilipojifunza kwa kweli. Hakuniambia alichokiona mpaka niwe nimeandika nilichokiona mimi. Kisha alichukua probu, akamchunguza mgonjwa upya, na tukalinganisha. Yeye pia ndiye aliyenirekebisha nilivyokaa, akisogeza kitanda karibu na kuushusha mkono wangu, kwa kuwa maumivu ya bega na kifundo cha mkono huwasumbua sana wanaofanya kazi hii kwa miaka mingi.

Kwa hiyo anayetaka kuomba nafasi namshauri apate kwanza saa za msimamizi kwa maandishi, zikiwa zimekubaliwa na meneja wake, na akiuliza chuo swali lolote, liwe hili: msimamizi akiondoka, mtanifanyia nini? Vilevile ahakikishe kwamba mwajiri anakubali kumpa kazi ya ultrasaundi na bima yake ya kitaaluma inagusa kazi hiyo baada ya kuhitimu, kwani ujuzi huu hufifia upesi usipotumika.

Kwa wanaofikiria kurudi nyumbani na ujuzi huu, nitasema jambo moja la vifaa. Hospitali nilizozifahamu Tanzania zilikuwa na mashine za ultrasaundi kwa ajili ya wajawazito na tumbo, zenye probu iliyopinda ya takribani megahezi 2 hadi 5. Probu hiyo ya masafa ya chini haifai kwa kano ya begani; inahitajika iliyonyooka, ya megahezi 10 au zaidi, ambayo mara nyingine huweza kununuliwa na kuunganishwa na mashine iliyopo, kwa hiyo ulizia kabla ya kuagiza mashine mpya. Na kwa waliouliza kama kozi yenyewe inaweza kusomwa kutoka Dar es Salaam au Nairobi kwa njia ya mtandao, hii niliyoisoma haiwezekani: mtihani wa mwisho hufanyika mbele ya mtahini, kwa mgonjwa halisi, katika kliniki unayofanyia kazi.