Altrasaundi ya ukuaji na kifaa cha mapigo cha nyumbani: kipi kinamsaidia mama aliyeambiwa mtoto ni mdogo?

Altrasaundi ya ukuaji katika miezi mitatu ya mwisho ni huduma nzuri, ila ikifanywa nusunusu humwacha mama na wasiwasi zaidi ya aliokwenda nao. Kifaa kidogo cha kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto nyumbani, ambacho akina mama wengi hukimbilia wakishaambiwa "tumbo ni dogo", hatumshauri mtu akinunue.

Safari huanzia kwenye utepe wa mkunga. Baada ya wiki ya 24, sentimita kutoka juu ya mji wa mimba hadi mfupa wa kinena hukaribiana na idadi ya wiki za mimba. Kipimo kikiwa nyuma kwa zaidi ya sentimita 3, au kikigoma kupanda kati ya kliniki mbili, omba altrasaundi. Kibofu kiwe kitupu, na utepe ulazwe upande wenye namba ukiwa chini, ili jicho la mpimaji lisifuate namba anayoitarajia. Fibroidi (uvimbe kwenye mji wa mimba), unene wa mama, mtoto aliyelala kikingama au kichwa kilichoshuka kwenye nyonga vyote huuvuruga utepe. Kazi yake ni kushtua tu.

Kwenye altrasaundi hupimwa kichwa cha mtoto, mzingo wa tumbo lake na mfupa wa paja, kisha mashine hukokotoa uzito. Ni makadirio: kukosea kwa asilimia 10 hadi 15 ni jambo la kawaida, kwa hiyo mtoto wa gramu 2,000 anaweza kusomeka 1,700 au 2,300. Kipimo cha kukiangalia kwa makini ni tumbo, kwa sababu mtoto asiyepata lishe ya kutosha hupungukiwa kwanza akiba ya ini na mafuta ya chini ya ngozi, huku kichwa kikiendelea kukua. Picha sahihi ya tumbo ni ya duara. Ndani yake huonekana mfuko wa chakula na mshipa wa kitovu unaoingia kwenye ini, na figo hazionekani. Duara likibonyezwa likawa kama yai, au likikatwa mshazari, uzito wote unaotokana nalo hauaminiki. Mpimaji mzuri hulirudia mara mbili tatu bila kuombwa, na kama hakurudia, mama ana haki ya kumwomba.

Kosa linalotuuma kuliko yote ni la tarehe. Umri wa mimba huwekwa na altrasaundi ya mapema, kabla ya wiki ya 14, na baada ya hapo haubadilishwi. Nenda na ripoti hiyo mkononi. Kuna ripoti za mwishoni zinazoandika "mimba ya wiki 31" wakati ile ya mwanzo inasema 34, na mama anarudi nyumbani akiwa ametulia. Hapo mtoto mdogo amefichwa nyuma ya tarehe mpya.

Ripoti ikisema uzito uko chini ya pasentaili ya 10, maana yake ni kwamba kati ya watoto 100 wa umri huo wa mimba, 90 au zaidi wanamzidi. Wengi wa wadogo hawa ni wazima kabisa, wamerithi umbo dogo tu. Chini ya pasentaili ya 3, au mtoto aliyekuwa ya 70 akaporomoka hadi ya 15, hali ni nyingine: inawezekana kondo la nyuma halimudu kazi yake.

Dopla, yaani upimaji wa mwendo wa damu, ndiyo husaidia kutofautisha. Wapimaji wengi huishia kwenye ateri ya kitovu, yaani mshipa unaopeleka damu ya mtoto kwenye kondo. Baada ya wiki ya 32 hiyo haitoshi, maana inaweza kuonekana safi wakati mtoto ameshaanza kubana matumizi ya oksijeni. Inafaa ipimwe pia ateri ya ubongo: ubongo ukikosa oksijeni ya kutosha hutanua mishipa yake ili ujipatie damu zaidi, na mabadiliko hayo huonekana. Ripoti ya wiki ya 35 isiyo na kipimo hicho tunaihesabu kuwa haijakamilika. Iwe pia na kina cha maji ya uzazi. Dimbwi kubwa zaidi likiwa chini ya sentimita 2, maji ni machache. Siku hiyohiyo mama apimwe presha na protini kwenye mkojo, kwa kuwa hali inayotangulia kifafa cha mimba na mtoto asiyekua mara nyingi huandamana.

Uzito urudiwe baada ya wiki 3, isiwe chini ya 2. Ukirudiwa baada ya siku saba, unapima makosa ya mashine. Dopla na maji vinaweza kurudiwa mapema zaidi.

Sasa kile kifaa cha nyumbani. Hakipimi ukuaji hata kidogo. Mara nyingi hunasa mapigo ya mama mwenyewe au mvumo wa damu kwenye kondo, na mama mwenye hofu moyo wake unaweza kwenda mbio hadi ukaribie mapigo ya mtoto, ambayo ni 110 hadi 160 kwa dakika. Hata kikinasa moyo wenyewe wa mtoto, moyo huendelea kudunda mtoto akiwa tayari amechoka. Hatari ipo hapo: mtoto amepunguza kucheza, mama anasikia "dug dug", analala. Mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kulala kitandani mchana kutwa hakumkuzi mtoto, wala hakuna dawa ya kulirudishia kondo nguvu. Kuacha sigara husaidia. Presha, upungufu wa damu na malaria vitibiwe. Kinachobaki ni kuchagua siku ya kuzaliwa: aliye chini ya pasentaili ya 3 kwa kawaida huzalishwa karibu na wiki ya 37, na mdogo mwenye Dopla safi anaweza kusubiri hadi ya 38 au 39.