Simu ya mtumba: nani umfuate kwanza, nani wa mwisho

Kabla hujashuka Kariakoo, pitia kwanza kwa fundi na simu uliyonayo. Betri kuchoka au kioo kupasuka si msiba, na mara nyingi kubadilisha betri ni hela ndogo ukilinganisha na simu nyingine. Fundi akitikisa kichwa, ndipo uendelee kusoma.

Namba moja kwangu ni mtu unayemfahamu: shemeji, jirani, mfanyakazi mwenzako. Akikuuzia mbovu mtakutana tu kwenye kikao cha harusi. Sharti ni kwamba atoe akaunti yake ya Google au iCloud mbele ya macho yako, kisha ndiyo afute kila kitu. Kuna niliyopigwa mimi: iPhone 7, laki mbili na nusu, kwa kijana wa kituo cha daladala. Nikafika nyumbani, nikaifuta, ikadai nenosiri la barua pepe inayoanza na herufi j, iliyobaki nyota tupu. Mpaka leo naitumia kujitazama nikichana nywele.

Namba mbili ni duka lenye fremu na risiti, hasa linalopokea simu yako ya zamani nawe unaongezea. Watakulalia kwenye bei ya hiyo ya zamani, hilo lijue, ila angalau inapata mtumiaji mwingine. Piga *#06#. Zitatokea tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu. Zilingane na za kwenye boksi, na muuzaji aziandike kwenye risiti. Walioishi Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu feki, hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Namba tatu ni mzigo wa Dubai, simu zilizotumika zinazoletwa kutoka huko, pale mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Zipo nzuri sana, ila neno “full box”, yaani simu na boksi lake kamili, lisikulevye, maboksi nayo yanachapishwa. Nenda na laini yako na chaja yako. Ilaze simu mezani: kioo kikiwa kimeinuka pembeni, huenda betri imevimba, rudisha. Kwa iPhone ingia sehemu ya afya ya betri. Ikiwa chini ya asilimia 80, dai upunguziwe kiasi cha kununulia betri mpya kabla hamjakubaliana.

Wa mwisho ni yule anayekunong'oneza barabarani. Simu ya wizi ikifuatiliwa, atakayekutwa nayo ni wewe.

Na hiyo yako iliyokufa kabisa? Toa laini na memori kadi, mpe fundi, atang'oa kamera, spika na chaji sistimu awawekee wengine. Walio Nairobi wana WEEE Centre, inayopokea taka za umeme. Betri iliyovimba usiitoboe wala usiitupe jalalani, maana jalala letu huchomwa moto kila jioni, na litiamu ikishika moto huweza kulipuka. Yangu niliibandika gundi ya karatasi kwenye ncha zake za kupitisha umeme, nikaiweka kwenye kopo lenye mchanga mpaka siku nilipomfikishia fundi.